Usisaini karatasi hiyo Jumamosi

Mdogo wangu, usisaini. Umeandika kwamba una nyimbo kumi na moja za gitaa kavu, yaani gitaa lisilo la umeme, kwamba mwenye studio amekubali kukurekodia bila malipo mradi utie sahihi "karatasi ya kawaida" Jumamosi, na ukauliza pia ununue gitaa gani na kama uache kazi ya dukani. Waliokujibu kabla yangu wanakuambia usaini tu ili mradi utoke. Karatasi hiyo naijua. Niliisaini mwaka 2014 juu ya spika, mkono wa pili ukiwa umeshika soda niliyonunuliwa kwa heshima ya kuwa msanii.

Yangu ilikuwa na kurasa mbili. Nilirekodi nyimbo sita kwa siku tatu, kazi ambayo kwa bei ya studio ile isingezidi laki tisa, na kwa laki tisa hizo nikatoa "haki zote za kazi zilizopo na zitakazokuja". Nilidhani ninampa rekodi. Hakuna aliyenieleza kwamba wimbo mmoja ni mali mbili: kuna utunzi, yaani maneno na mahadhi uliyoyatoa kichwani mwako, na kuna rekodi, yaani sauti iliyonaswa studioni siku ile. Aliyegharimia kurekodi anaweza kudai rekodi, na mkaketi mkabishana kuhusu miaka na asilimia. Utunzi hakuugharimia hata shilingi, wala hakuwapo usiku ule umeme ulipokatika nikamalizia ubeti wa mwisho kwa kibatari.

Tofauti hiyo niliielewa ndani ya daladala ya Mbagala. Redio ilikuwa ikitangaza unga wa sembe, na chini ya sauti ya mtangazaji nikalisikia gitaa langu, kidole gumba kikitembeza besi na cha shahada kikichomoa mahadhi, katika wimbo niliomtungia marehemu mama. Kondakta alikuwa akiuimba, tena kunizidi. Nilipompigia simu mwenye studio alinikumbusha kwa upole kwamba niliuza, kisha akanitumia laki mbili "za ubinadamu". Nikaamua kuurekodi upya mwenyewe, uani, kwa simu, nikauweka YouTube; siku ya pili nikaletewa taarifa kwamba wimbo huo una mwenyewe. Ningekuwa nimempa rekodi peke yake, ningeurekodi upya hata mara mia, yeye akabaki na yake na mimi na yangu. Kwa kuwa nilimpa na utunzi, wimbo wa mama yangu mzazi nauombea ruhusa. Sheria yetu ya hakimiliki hapa Tanzania, ya 1999, hulinda utunzi kwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo mimi nitaoza, wajukuu watapata mvi, na sembe itaendelea kuuzwa. Haki ya kutajwa kuwa ndiye mtunzi nilibaki nayo, maana hiyo haihamishiki mtu akiwa hai. Nilijaribu kumweleza mwenye nyumba wangu, akasema haipokei kama kodi.

Mwenye studio simlaumu sana, kwani yeye ni mfanyabiashara. Ninayemlaumu ni yule aliyejiita meneja wangu, aliyenionya kwamba nikiomba siku moja ya kuisoma karatasi nitaonekana mjuaji, na kwamba mikataba ni mambo ya Wazungu. Asilimia 20 yake ya kila onyesho aliihesabu bila kukosea hata gizani. Kurasa mbili za Kiswahili zikamshinda.

Sisi wa gitaa kavu hatuna wingi wa wasikilizaji wa kutufidia kosa kama hilo. Tangu 2024 Spotify haiupi wimbo mgao wa rekodi mpaka uwe umesikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12 iliyotangulia, na nyimbo zangu nyingi hazifiki huko hata nikiwahimiza shangazi zangu wote. Tunaishi kwa hoteli na harusi. Mimi hupata laki na nusu kwa usiku, kabla ya nauli na nyuzi. Wimbo utakaokuletea fedha ukiwa umelala ni ule utakaoombwa kwa ajili ya tangazo au filamu, na hapo mwenye utunzi lazima aulizwe.

Kwa hiyo utunzi na rekodi visikae kwenye karatasi moja. Mwambie aandike kwamba atatumia rekodi kwa miaka mitano, nyimbo zitajwe moja moja kwa majina, neno "zote" lifutwe, na utunzi ubaki wako. Hakimiliki huanza pale unapoutunga wimbo, lakini zisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, hata hivyo, upate ushahidi wenye tarehe. Akikataa, lipia nyimbo tatu kwa fedha yako, na gitaa hilohilo ulilonalo, ambalo sasa nimesahau ulisema lina kasoro gani.

Jumamosi mwambie unaumwa. Kama huwezi kudanganya, mwambie mjomba wako anataka kuisoma kwanza; mjomba mwenyewe ndiye mimi. Nitumie picha ya ukurasa wa pili, ule wa sahihi. Kwangu ndipo neno "zitakazokuja" lilipokuwa.