Umeme Mpakani mwa Vihami Viwili

SWALI: Ndugu Mhariri, huwa nawafundisha wanafunzi wangu kwamba kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, kikiwekwa juu ya kihami kingine, umeme haupiti. Sasa nimesoma kwamba oksidi mbili (misombo yenye oksijeni) za aina hiyo zikikutanishwa hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Je, ni kweli, na elektroni hizo hutoka wapi?
Mwalimu wa fizikia, Morogoro

JIBU: Ni kweli, Mwalimu, lakini kwa masharti. Mwaka 2004 wanafizikia Ohtomo na Hwang walionyesha kwamba utando mwembamba wa aluminati ya lanthani, ukioteshwa juu ya fuwele ya titanati ya strontiamu (zote mbili ni oksidi zisizopitisha umeme), huacha mpakani elektroni zinazotembea kwa uhuru. Mwaka 2007 watafiti wa Geneva na Augsburg waliupoza mpaka huo hadi takriban kelvini 0.2, yaani karibu kabisa na sifuri halisi, baridi ya mwisho iwezekanayo, ukinzani ukatoweka. Utando huo sharti uwe na unene wa angalau seli nne za fuwele (seli ni kipande kidogo kabisa cha mpangilio wa atomu kinachojirudia), yaani kama nanometa 1.5; ukiwa na seli tatu, kanuni unayoifundisha bado inasimama.

Kuhusu asili ya elektroni, maelezo yaliyozoeleka ni kwamba safu za atomu katika aluminati hupokezana chaji chanya na hasi, ilhali safu za titanati hazina chaji, hivyo kila safu inayoongezwa hukuza volti ndani ya utando, mpaka inapokuwa nafuu kwa elektroni kuhama kutoka uso wa juu wa utando na kushuka kwenye atomu za titaniamu zilizo mpakani. Hesabu hiyo hutaka nusu elektroni kwa kila seli, lakini vipimo vingi hupata pungufu sana, na wapo wanaosema kwamba nafasi zilizoachwa wazi na atomu za oksijeni nazo huchangia. Binafsi naona sababu zote mbili zinafanya kazi, kwa viwango vinavyotegemea namna utando ulivyooteshwa.

Jambo ambalo habari nyingi hulisahau ni kwamba titanati yenyewe, ikiongezewa elektroni chache, imejulikana tangu 1964 kuwa hupoteza ukinzani kwenye baridi kali. Mpaka huo, basi, hauianzishi tabia hiyo kutoka patupu. Huipatia titanati elektroni ilizokosa, na huzibana katika tabaka la nanometa kadhaa tu. Kwa kuwa elektroni hizo ni chache na zimebanwa hivyo, mwaka 2008 watafiti wa Geneva waliweza kuizima na kuiwasha hali hiyo ya kukosa ukinzani kwa kubadilisha volti peke yake, bila kugusa kemia ya fuwele.