Mbwa anayechimbua ua: angalia kwanza anachimba wapi na saa ngapi

Ndugu uliyeuliza, umesema mbwa wako wa miezi 10 amejaza mashimo katika ua wako wa Ilazo hapa Dodoma, ameng'oa miche ya mipapai, na fimbo haijasaidia kitu. Haitasaidia. Mimi niliitumia karibu mwezi mzima hapa Nzuguni, nikaambulia mbwa anayechimba nikiwa kazini na kunikimbia nikirudi, kwa kuwa hakuweza kuhusisha kipigo cha jioni na shimo la mchana.

Aliyenifungua macho ni jirani yangu, mzee wa Kigogo aliyefuga mbwa wa kuchungia tangu ujana wake. Alizunguka ua mara moja tu, akaniuliza kama nimeona kwamba mashimo yote yako mashariki mwa nyumba, ambako kivuli hulalia mchana, karibu na simtanki linalovuja. Sikuwa nimeona. Akaniambia, "Mwanangu, hebu tia mkono humo." Ilikuwa Oktoba, saa 8 mchana, mchanga wa juu unaunguza hata ukivaa kandambili, lakini kiganja kimoja kwenda chini udongo ulikuwa na ubaridi kama wa mtungi. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Hujipoza zaidi kwa kuhema, na jasho lake ni la nyayo tu, kwa hiyo akikosa kivuli huutafuta ubaridi kwa makucha. Banda la mabati matupu nililomjengea, ambalo nilikuwa nikilionea fahari, lilikuwa tanuri.

Nililihamishia chini ya mwarobaini, nikatandaza nyasi nene juu ya mabati, na maji nikayaweka katika chombo kizito cha saruji asichoweza kukipindua. Kando yake nikamchimbia shimo lake mwenyewe, nikalijaza mchanga na kufukia mifupa miwili mitatu. Kila asubuhi nililimwagia maji yaliyooshea mboga, maana maji ya Dodoma si ya kuchezea. Nilipomkuta akichimba kwingine nilimwita na kumpeleka pale bila kelele, na baada ya wiki mbili hivi akawa analala humo kutwa.

Si kila shimo ni la joto, hata hivyo. Anayechimba chini ya uzio anataka kutoka, na akiwa dume mara nyingi amenusa jike. Laza waya wa kuku ardhini kando ya uzio, uukandamize kwa mawe, kisha zungumza na daktari wa mifugo kuhusu kumhasi. Anayenusanusa na kuchimba mahali pamoja usiku huenda anafuata panya, na hapo tafadhali usitege sumu, kwa sababu panya aliyekufa kwa sumu anaweza kuliwa na mbwa huyo huyo.

Kuhusu mipapai, kama ulitia samadi ya kuku au mabaki ya dagaa katika mashimo ya kupandia, basi umemwalika mwenyewe, kama nilivyofanya mimi. Siku hizi natumia mbolea iliyooza kabisa na kuzungushia kila shina mawe bapa.

Mtembeze pia kabla jua halijapanda na tena baada ya saa 12 jioni, kwani mbwa wa umri huo akifungiwa kutwa atachimba hata kivulini. Wangu bado huchimba shimo moja au mawili mvua za kwanza zinaponyesha na kumbikumbi kuanza kutoka, na hayo nimeamua kumwachia.