Nimekatazwa kibanda, sasa nakaa tu

Shangazi,
Nina miaka 68. Niliuza mboga mtaa wa Umoja, Nairobi, miaka 29, na kibanda hicho ndicho kilichosomesha wanangu wanne. Mwaka jana goti liliponisumbua, kifungua mimba wangu alinihamishia kwake Donholm. "Mama, umechoka vya kutosha, sasa kaa ule." Nakula, natazama runinga, nalala. Saa kumi alfajiri bado naamka. Nikisema sina raha, naambiwa sina shukrani. Ni kweli?
Mama Mboga, Donholm

Umeniita shangazi nami nimekuzidi miaka mitatu tu! Haya, nikujibu kama dada.

Shukrani unayo. Mimi nilisuka vyondo Kariokor mpaka macho yakagoma. Wiki ya kwanza ya kupumzika ilikuwa tamu. Ya pili nilikuwa dirishani nahesabu matatu za Jogoo Road. Chakula kilikuwepo, aliyekosekana ni mtu wa kuniuliza, "Mama, leo mbona umechelewa?" Nawe nadhani unamkumbuka yule wa "nikatie sukuma ya ishirini, narudi", anayekuachia na habari za mtaa mzima.

Marikiti, kule soko la jumla, usirudi, magunia hayo waachie vijana. Lakini kukaa kibandani ukikatakata mboga, asubuhi tatu kwa wiki, kijana akikununulia na kukubebea, kuna ubaya gani? Goti lione daktari kwanza, na asikwambie ni uzee tu akakufukuza. Kukaa kutwa nako hulikakamaza. Kibanda kikikataliwa kabisa, omba magunia mawili ya udongo uani, upande mboga ya terere (mchicha). Mwezi haupiti sana utakuwa unachuma, na majirani watabisha hodi wenyewe.

Ila jihadhari. Ukitamka tu kwamba unataka kazi, yaya anaachishwa na wajukuu wanakuwa wako kutwa. Yalinipata, miezi saba. Nawapenda, lakini nilikuwa nimechoka kuliko enzi za vyondo, na hakuna aliyeniuliza kama nataka. Wewe taja siku zako mapema.

Na chama chako cha kuchanga pesa kule Umoja, bado unatoa? Mimi ile shilingi 2,000 ya kila mwezi ya Inua Jamii, pesa ya serikali kwa wazee, huipeleka yote chamani. Watoto hawajui.

Zungumza na mwanao Jumapili, akishashiba, kabla hajawasha mpira.