Barabara ikipita kando ya shimo la mgodi, soma ardhi kabla ya lami

Nimefanya kazi ya kupima kingo za mashimo ya dhahabu Kanda ya Ziwa kwa miaka mingi. Wanaoishi karibu na mashimo yaliyoachwa huniuliza sana: "Shimo hili lipo tangu zamani na halijabomoka, tuogope nini sasa?" Miaka haiimarishi ukingo, inauchosha. Mgodi ukifungwa, pampu huzimwa na maji ya ardhini huanza kurudi. Hakuna tena anayekagua ngazi zilizochongwa kwenye kuta za shimo kila asubuhi, wala wa kuzibua mitaro. Na kwetu huku mwamba wa juu umeoza kwa muda mrefu sana hadi ukawa udongo mwekundu, sehemu nyingine kwa kina cha makumi ya mita. Ukiwa mkavu unasimama wima kama ukuta. Ukinywa maji ni kitu kingine kabisa.

Ndani ya mgodi kuna mtu mwenye mamlaka ya kufunga njia. Nje ya uzio, njia ya wananchi mara nyingi haina wa kuisemea, na humo ndimo wanamopita bodaboda, malori ya mchanga, ng'ombe na watoto wa shule.

Tazama nyufa. Ufa wa kiangazi hukatakata ardhi ovyo, kila upande. Ufa wa ukingo unafuata umbo la shimo, na unaweza kutokea makumi ya mita kutoka ukingoni, mahali ambapo mtu anajiona yuko salama. Kama upande wa shimoni umeshuka kuliko upande wa pili, hata kwa unene wa kidole, kipande hicho kimeshaanza kuondoka. Nguzo zilizoinama, waya wa uzio uliokaza ghafla, dimbwi lililokauka usiku mmoja kwa sababu maji yamepata pa kuingilia: hayo yote ni maneno ya ardhi ileile.

Lami hainiambii mengi. Hupinda kidogo kidogo kabla ya kupasuka, na ikipasuka huja watu na kifusi, wanaziba, magari yanaendelea. Nimeona barabara iliyozibwa hivyo masika baada ya masika bila mtu kuandika popote ufa umepanuka kiasi gani. Hilo linaniudhi, kwa sababu kila kifusi kinafuta ushahidi. Kuziba ili maji yasiingie ni jambo jema, ila kwanza fundi apigilie vigingi pande zote mbili za ufa, apime umbali kila siku na aandike. Upana wa ufa si neno kubwa kama mwendo wake. Ukiongezeka milimita 2 leo, 4 kesho na 8 keshokutwa, barabara ifungwe siku hiyo hiyo, kikao kifuate. Mwananchi asivuke ufa kwenda kupima mwenyewe. Apige picha kutoka upande wa mbali na shimo, aipeleke kwa mtendaji wa kijiji, na nakala ifike kwa wakala wa barabara, TARURA au TANROADS, kutegemea barabara ni ya nani, na Tume ya Madini.

Wenye pesa na vifaa kutuzidi nao yamewakuta. Februari 2011, baada ya mvua kubwa, nyufa zilionekana kwenye barabara kuu ya Princes Freeway kando ya mgodi wa makaa ya mawe wa Hazelwood, mjini Morwell, Australia. Waliifunga kwa miezi kadhaa, usumbufu na gharama pamoja. Nachterstedt, Ujerumani, ilikuwa msiba. Alfajiri ya Julai 18, 2009, ukingo wa shimo la zamani la makaa lililokuwa likijazwa maji liwe ziwa uliporomoka na nyumba na kipande cha barabara. Watu 3 walikufa. Uchimbaji pale ulikuwa umekoma tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Kwa hiyo msihesabu usalama kwa kalenda, wala msipumue mvua ikikatika. Maji huchukua siku, hata wiki, kushuka hadi kwenye tabaka dhaifu. Dereva, usiegeshe lori upande wa shimo hata kwa dakika za kubadili tairi. Hata kunyonya maji ya shimo haraka kwa umwagiliaji kuna hatari, maana maji yale yalikuwa yanauegemeza ukingo.

Mkifunga barabara, pipa na utepe havitoshi. Bodaboda watavizunguka jioni ileile. Wekeni tuta la mawe pande zote mbili, mbali na ufa. Halafu lipiganieni jambo ambalo bajeti husahau: njia mbadala inayopitika masika. Ikijaa tope hadi magotini, watoto watarudi kwenye ile ya zamani, na hakuna bango litakalowazuia. Ulizeni kwenye mkutano wa kijiji nani anaichonga, lini, na nani atakuwa anakagua lile tuta kila baada ya mvua.