Kwa nini vita viliisha siku 14 baadaye huku kwetu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha historia sekondari, wilaya ya Masasi. Vitabu vinasema Vita vya Kwanza vya Dunia viliisha tarehe 11 Novemba 1918, lakini Wajerumani wa Afrika Mashariki walisalimu amri tarehe 25 Novemba, tena Zambia. Wanafunzi wameniuliza sababu, nami sikuwa na jibu la kutosha. Na je, ni kweli kwamba jenerali wao, Paul von Lettow-Vorbeck, hakushindwa?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Swali la kwanza jibu lake ni fupi: habari zilichelewa, kisha watu wakatembea kwa miguu. Mkataba wa kusitisha mapigano uliposainiwa ndani ya behewa la treni huko Compiègne, Ufaransa, kikosi cha von Lettow kilikuwa kinapigana eneo la Kasama, Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo). Alizipata habari tarehe 13, watu wake walipomkamata mjumbe wa Kiingereza aliyekuwa kwenye pikipiki. Kesho yake akakutana na ofisa wa Kiingereza, Hector Croad, kwenye mto Chambezi, na mapigano yakakoma. Akatakiwa kwenda Abercorn, ambayo leo ni Mbala, na huko ndiko alikokabidhi silaha tarehe 25, akiwa na Wazungu 155, askari Waafrika 1,168 na wapagazi wengi zaidi ya hao.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vya shule huliruka. Telegramu ya Jenerali van Deventer, mkuu wa majeshi ya Waingereza Afrika Mashariki, ilimwambia kwamba kifungu cha 17 cha mkataba kinamtaka asalimu amri bila masharti ndani ya mwezi mmoja. Rasimu ilisema hivyo kweli. Wajumbe wa Ujerumani waliomba kifungu kibadilishwe, na kilichosainiwa kilisema tu kwamba majeshi yao ya Afrika Mashariki yaondoke kwa muda utakaopangwa na washindi. Kwa hiyo alisalimu amri kwa maneno ya rasimu.

Sasa hili la "hakushindwa". Silikubali, na nitakueleza kwa nini.

Ni kweli kwamba hakuzingirwa akakamatwa. Novemba 1914 aliwashinda Waingereza Tanga akiwa na askari wapatao 1,000 dhidi ya 8,000 waliotoka India. Lakini vita ile ilikuwa ya viwanda, na yeye alikuwa amekatiwa bahari. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilipoharibiwa kwenye delta ya Rufiji Julai 1915, mizinga yake 10 ilitolewa majini ikaburutwa nchi kavu, kwa kuwa hapakuwa na namna ya kupata mingine. Amani, milimani Usambara, walitengeneza dawa ya malaria kwa magome ya mkwinini. Novemba 1917 Ujerumani ilirusha puto kubwa la injini, L59, kutoka Bulgaria limletee risasi na dawa. Lilifika Sudan likageuka, baada ya saa 95 na kilomita zaidi ya 6,700 angani bila kutua.

Kufikia Septemba 1916 Dar es Salaam ilikuwa mikononi mwa Waingereza, Tabora mikononi mwa Wabelgiji, na reli zote mbili zimeshampotea. Kutoka hapo vita vikahamia kusini, na hapo ndipo ninapotaka wanafunzi wako wakae muda mrefu. Farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa maelfu kwa sababu ya mbung'o. Malori yalizama kwenye tope la masika. Yakabaki mabega ya watu.

Piga hesabu nao ubaoni. Mpagazi amebeba kilo 25 za unga na anakula kilo moja kwa siku. Mpeleke siku 10 hadi kambi ya mbele, umrudishe siku 10. Kilo 20 amezila mwenyewe, na askari aliye mbele amepata 5. Ongeza siku mbili tu za mwendo kwenda na mbili kurudi, inabaki moja. Jeshi lililosonga mbele lilihitaji wapagazi wa kuwalisha wapagazi. Ndiyo maana Waingereza waliandikisha watu wanaokaribia milioni moja, wengi kwa nguvu, na wapatao 100,000 wakafa. Risasi iliua wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu kutokana na unga wa mahindi usioiva, malaria na uchovu. Upande wa Wajerumani vijiji vilinyang'anywa chakula na watu, na njaa ikafuata.

Mahiwa, si mbali na kwenu, Oktoba 1917, Waingereza walipoteza watu wapatao 2,700 kati ya 4,900 kwa siku nne. Von Lettow alipoteza zaidi ya 500 kati ya 1,500, na hao hakuwa na wa kuwafidia. Mwezi uliofuata aliwaacha nyuma mamia ya wagonjwa na majeruhi, akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji kutafuta chakula na risasi za Wareno. Mtu anayeacha majeruhi wake na koloni lake lote ameshashindwa, hata kama bado anatembea.

Ulaya ndiko vita vilikoamuliwa. Mashambulizi ya Wajerumani ya Machi 1918 yalikwama. Tarehe 8 Agosti wakavunjwa huko Amiens, kisha Bulgaria, Waosmani na Austria-Hungaria wakajitoa mmoja baada ya mwingine, na Kaisari akang'olewa tarehe 9 Novemba.

Waliosalimu Abercorn walipelekwa Kigoma kwa maji, kisha kwa treni. Wazungu wakaendelea hadi Dar es Salaam kupanda meli ya kwao. Askari na wapagazi waliwekwa kambini Tabora, ambako mafua ya mwaka ule yaliwaua wengi. Na ujira wa maelfu ya wapagazi wa Waingereza waliofia njiani haukuwafikia ndugu zao.