Picha ya goti na maumivu ya goti

Ndugu, umeuliza kwa nini mama yako anaumia sana ilhali picha ya eksirei imeonyesha goti lililosagika kidogo tu. Picha na maumivu havilingani sikuzote, kwani ukali wa maumivu hutegemea pia nguvu za misuli ya mbele ya paja, uzito wa mwili (kila kilo 1 inayopungua huliondolea goti mzigo wa takriban kilo 4 katika kila hatua), usingizi, huzuni ya muda mrefu na, hasa, hofu. Anayeogopa kwamba kutembea kutalisaga goti lake zaidi huketi, misuli ikalegea, goti likakosa mhimili, na ngazi alizozipanda jana zikamshinda. Hiyo haimaanishi kwamba anasingizia ugonjwa. Mazoezi mepesi chini ya mtaalamu wa fiziotherapia yatamfaa kuliko kulala kutwa.