Maswali yenu kuhusu kasi za poti ya seriali

Mwalimu, kwenye Windows programu yangu itajuaje kasi ambazo poti ya COM inazipokea?

Iulize draiva, yaani programu inayoiendesha poti. Fungua poti, uite funksheni ya GetCommProperties, nayo itakujazia muundo wa data uitwao COMMPROP. Humo, dwSettableBaud ni namba ambayo kila biti yake ni kasi moja, kwa biti kwa sekunde: BAUD_9600, BAUD_115200 na nyinginezo. Ukikuta BAUD_USER, draiva inapokea hata kasi zisizo kwenye orodha.

Na kwenye Linux?

Huko hakuna orodha, unajaribu. Weka kasi kwa funksheni za cfsetospeed na tcsetattr, halafu isome upya kwa tcgetattr na ulinganishe. Tafadhali usiishie kwenye sifuri ya tcsetattr (alama ya kufaulu), maana huirudisha hata kama imetimiza sehemu tu ya ulichoomba. Kwa kasi zisizo za kawaida, tumia muundo wa termios2 pamoja na alama ya BOTHER, inayokuruhusu kuandika kasi kama namba yoyote.

Kwa nini poti za zamani zinaishia 115200?

Swali hili nalipenda, kwa sababu ukishalielewa unaweza kuzikokotoa kasi mwenyewe. Chipu ya 16550, inayoendesha poti kwenye kompyuta hizo, hupata mapigo ya MHz 1.8432. Yagawe kwa 16, unapata 115200. Kiasi hicho hugawanywa tena kwa namba nzima ambayo programu inaiandika kwenye chipu: 1 inabaki 115200, 2 inatoa 57600, 12 inatoa 9600. Kati ya 1 na 2 hakuna namba nzima, ndiyo maana 76800 haipatikani hapo hata ubembeleze vipi. Kwenye Linux, ombi la ioctl liitwalo TIOCGSERIAL hukupa baud_base, yaani kile kiasi cha kuanzia kugawanya. Adapta za USB zina hesabu zake. Chipu ya FT232R, mojawapo ya zitumikazo humo, hufika milioni 3.

Kasi imekubaliwa, lakini ninasoma herufi za ajabu.

Draiva imejibu kwa niaba ya kompyuta tu. Kifaa cha upande wa pili nacho kina saa yake: bodi ndogo ya Arduino Uno ya MHz 16, ikiambiwa 115200, hukosea kwa takriban asilimia 2. Pande mbili zikipishana kwa karibu asilimia 5, biti za mwisho za kila baiti husomwa vibaya.

Kuhakikisha kasi ya upande wa kompyuta, unganisha pini 2 na 3 (za kupokea na kutuma) za poti yako ya pini 9, utume na kupokea baiti 11,520. Data itarudi salama hata kama kasi si sahihi, kwani anayetuma ndiye anayepokea, kwa hiyo pima muda. Kwa 115200, kila baiti ikiwa na biti 10 njiani, inapaswa kuwa sekunde moja. Ikichukua mbili, poti yako iko kwenye 57600.